Mbuzi wa 3 Aprili

Tangu Februari 2018, lori likifika Busia husimama mara moja tu. Marais Museveni na Kenyatta walizindua kituo cha pamoja, maofisa wa nchi zote mbili wakakaa chini ya paa moja, na dereva anagongewa mihuri yote upande anaoingilia. Faili za kompyuta hazijajengewa kituo cha namna hiyo. Faili ikitoka programu moja kwenda nyingine husimamishwa kila hatua, na kila anayeisimamisha hubaki na kitu mkononi.

Mimi ni karani wa ukoo wetu hapa Kirewa, cheo nilichopewa kwa sababu nina laptopu na paneli ya sola ya kuichaji. Binti ya kaka yangu alipochumbiwa na kijana wa upande wa Kenya, wazee waliniita niandike orodha ya mahari. Iliandikwa kwa Kiswahili, maana wale ni Wasamia na sisi ni Jopadhola, na hakuna aliyekubali kupatana bei kwa lugha ya mwenzake. Niliipanga vizuri kwenye jedwali: ng'ombe, na bei ya kila mmoja kwa atakayependa kulipa taslimu; mbuzi 3-4, kwa sababu mzee mmoja alisema watatu, mwingine wanne, na mkutano ukafungwa hivyo; namba ya simu ya mshenga; na mwisho kabisa safu ya sarafu, kwani mpakani shilingi ni mbili.

Faili ikavuka kwa WhatsApp hadi duka moja la kompyuta huko Busia. Kompyuta ya pale ikakataa kuifungua, na kijana wa duka, kwa moyo mwema kabisa, akatafuta njia ya kuigeuza CSV. Sasa CSV hubeba maneno na mikato tu. Upana wa safu, mipaka ya ukurasa, na taarifa kwamba hii ni namba ya simu wala si hesabu, vyote huachwa nyuma, na Excel inapoifungua faili hiyo hukisia yenyewe.

Jioni simu ikaita.

"Mkwe," akaanza mzee wa upande ule, kwa sauti ya mtu anayepima maneno, "hawa mbuzi wa 3 Aprili ni wa kuzaliwa tarehe hiyo au wa kuletwa tarehe hiyo?"

Excel ikiona 3-4 haioni mbuzi, inaona kalenda. Haiulizi. Wakaenda duka la pili kuhakikisha, na kompyuta ya huko ilikuwa imewekwa mipangilio ya Kimarekani, ambako mwezi hutangulia siku. Mbuzi wakahamia 4 Machi. Wakwe wakaona tunawaharakisha.

Niliwaambia wasijisikie wanyonge, maana hata wanasayansi wameshindwa na jambo hili. Kulikuwa na jeni za binadamu zenye majina kama MARCH1 na SEPT1, na Excel ilizigeuza tarehe miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni ilitangaza kwamba zimebadilishwa kuwa MARCHF1 na SEPTIN1. Yaani ilionekana rahisi kubadili jina la kitu kilicho mwilini mwa kila mtu kuliko kuizuia Excel kukisia. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama jeni hizo nazo zinahesabiwa kwenye mahari.

Namba ya mshenga ilikuwa imesomeka 2.56E+11. Ukiandika namba yenye tarakimu 12, Excel huifupisha kama umbali wa nyota. Waliompigia hawakumpata.

Ila kilichowauma zaidi ni ng'ombe. Kwenye karatasi waliandikwa "ngâ€™ombe", na baraza zima la upande ule likakaa kujadili kama hiyo ni mbegu mpya ya kizungu. Chanzo ni ritifaa. Programu ya kuandikia hupenda kuipinda ili ipendeze, na ritifaa iliyopindwa huhifadhiwa kwa baiti tatu katika UTF-8, mfumo ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992 kwenye karatasi ya kuwekea sahani katika mkahawa wa New Jersey. Programu isiyojua kwamba faili ni ya UTF-8 husoma kila baiti peke yake, na alama moja ikawa tatu. Cha kuchekesha ni kwamba ritifaa hiyohiyo, ikiachwa bila kupindwa, ndiyo dawa ya mbuzi: ukiitanguliza kabla ya 3-4, Excel huacha kalenda na kuandika ulichoandika. Alama iliyoua ng'ombe inafufua mbuzi.

Kuhusu sarafu, niliambiwa baadaye. Kijana alipotanua safu ili maneno yasomeke, safu ya mwisho ilisukumwa hadi karatasi ya pili, ambayo hakuna aliyeiokota. Kwa hiyo walisoma 1,500,000 bila kujua ni za Uganda. Milioni moja na nusu ya Kenya! Mjomba wa bwana harusi aliuliza kama ng'ombe huyo anakamuliwa petroli.

Nikatuma PDF. Hiyo tangu Adobe walipoitoa mwaka 1993 kazi yake ni kuhakikisha ukurasa unabaki ulivyo popote unapofunguliwa, na kweli, ng'ombe walifika wazima na sarafu zao. Tatizo likawa jipya: ilifika haiguswi. "Mkwe, mahari ya wapi hii isiyopunguzwa?" Wakaiona ni jeuri. Wakairudisha kwa kijana aigeuze Word, na kwa kuwa PDF hukumbuka herufi imekaa wapi bila kujali ni jedwali au aya, kila mstari ukatokea ndani ya kisanduku chake. Ukisogeza ng'ombe mmoja, mbuzi wanapanda juu ya jina la bibi harusi.

Basi wazee wakakutana Busia, uso kwa uso, kila upande na karatasi zake. Ng'ombe walipunguzwa wawili. Mbuzi wakawa wanne, na kwa kuwa tarehe ilikwisha chapwa, waletwe 3 Aprili. Mshenga hakuhudhuria, hakuna aliyeweza kumpigia.