Mbele ni Nyuma, Nyuma ni Mbele

Msomaji mwenzangu, kama nawe umeoa kwenye ukoo wenye fundi, basi tuanze kwa kupeana pole.

Mimi nilioa Tanga, maisha yakatutupa Minneapolis, jimbo la Minnesota. Mke wangu, Mama Salma, tunamwita Spika, kwa kuwa sebuleni hapa huzungumzi mpaka upewe nafasi. Kaka yake, shemeji yangu kipenzi, mimi namwita Kidogo Tu. Hakuna kazi duniani isiyokuwa ndogo kwake. Bomba likivuja: "Shemeji, hiyo kidogo tu." Dari likidondoka kwa sababu ya bomba lile lile, nalo kidogo tu. Cheti cha ufundi hana, lakini ana simu yenye chaji na masanduku mawili ya spana, moja likiwa langu.

Sasa, ninyi mlioko Pwani mnaosoma haya mkinywa madafu, jueni kwamba theluji si pambo. Manispaa ya hapa inamtaka mwenye nyumba awe amesafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma. Usiposafisha, watakuja wao wasafishe, kisha wakuletee bili. Na ukishamaliza kufungua njia ya gari, greda la barabarani linapita na kukulundikia tuta jipya pale pale mlangoni. Ndiyo maana watu hununua mashine ya kutupa theluji: mbele visu vinavyosokota, katikati feni ya kurushia, nyuma injini, na nyuma ya injini mwanaume anayetetemeka.

Ya kwetu alituachia jirani mzee aliyehamia Florida kukimbia baridi. Alituapia kwamba ndiyo iliyomwokoa kwenye dhoruba ya Halloween ya mwaka 1991, iliyomwaga inchi 28.4 za theluji katika mji huu. Ilikuwa nzito, ya kelele, na ilidumu. Yaani ilidumu mpaka Kidogo Tu alipoiazima.

Injini nyingi za aina hii hazina pampu ya oili. Chini ya konrodi kuna kijiko kinachochota oili na kuirusha huku na huku. Oili ikipungua, kijiko kinachota hewa. Nilimuuliza shemeji kama ameangalia oili. Akasema imebaki kidogo tu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amesema kweli tupu. Konrodi ilikatika, ikatoboa ubavu wa injini, ikachungulia nje.

Spika akaitisha kikao. Yeye alitaka mashine mpya, ambayo kwa ukubwa ule si ya bei ndogo. Nikaunga mkono hoja, si kwa ujasiri bali kwa mazoea. Ndipo akaingilia mama mkwe, aliyekuja kututembelea na ambaye, akiwa hasikii, tunamwita Mkaguzi. Kutwa hukaa dirishani na kanga mbili juu ya koti la baridi, akihesabu magari ya majirani. "Baba Salma," akasema, "chuma cha zamani hakitupwi. Kakake si yupo?" Kikao kikafungwa. Kwa mama mkwe hakuna rufaa.

Injini iliyokufa ilikuwa Tecumseh, na kampuni ile ilifunga uzalishaji wa injini hizo mwishoni mwa mwaka 2008. Kwa hiyo Kidogo Tu akanunua, kwa pesa zangu, injini ya kawaida ya cc 212 kutoka China, ya aina ambayo watu hufunga kwenye kila kitu kuanzia pampu za maji hadi vigari vya watoto. Akaibeba gerejini akiimba.

Nikwambie kitu kuhusu kubadilisha injini. Injini mpya kwenye mashine kongwe ni mwanaume aliyehamia ukweni: kila kitu kilikuwepo kabla yake na hakuna kitakachosogea kumpisha. Matundu ya bolti hayakulingana na kitako, ikabidi tutoboe mengine. Shafti mpya ilikuwa ya robo tatu ya inchi, puli ya zamani ilikuwa ya inchi nzima, ikawa inacheza ndani. Halafu injini ile ilikuja na chujio la hewa, ilhali injini za theluji hazivai chujio, maana unga wa theluji huingia humo ukaganda na kuziba pumzi. Mwanangu wa kiume, Bwana Kwanini, aliuliza juu ya kila kimoja. Mjomba wake akajibu vyote kwa jibu lile lile mnalolijua.

Swali moja tu la mtoto halikupata hata jibu hilo: "Mjomba, kwa nini ya zamani ina shafti mbili na hii ina moja?"

Swali la thamani kubwa. Injini ile ya zamani ilitoa krankishafti na kemshafti zote mbili nje. Kranki ilizungusha visu, kemu ikaendesha magurudumu. Na kemshafti huzunguka nusu ya mwendo wa kranki, tena kinyume chake. Kidogo Tu alipanga puli zote mbili kwenye shafti moja, akakaza nati, akavuta kamba.

Iliwaka mara moja. Shemeji akatia gia ya mbele, akabana mkono wa klachi, na mashine ikamfuata kinyumenyume, mbio mara mbili ya kawaida. Mtu wa kawaida angeachia mkono ule, ikasimama. Kidogo Tu akiogopa hukaza. Akarudi nayo gerejini, akapita ndoo za taka, akaegemezwa kwenye friza la Spika lenye kisamvu, ngisi na mihogo ya Ramadhani. Binti yetu Salma alirekodi yote. Ukoo mzima, Tanga hadi Muscat, uliiona video kabla sijapata nafasi ya kuzima injini.

Mkaguzi akafungua dirisha. "Kama mbele inakwenda nyuma, si muiambie nyuma?"

Na ndivyo ilivyo hadi leo. Tulifunga puli ndogo kupunguza mwendo, tukaishi na yaliyobaki. Mashine iliyokuwa na gia tano za mbele na mbili za nyuma sasa ina mbili za mbele na tano za kukimbilia nyumbani. Bwana Kwanini ameandika upya maneno kwenye mkono wa gia kwa kalamu ya wino mzito. Spika hajasema kitu, ila kila nikienda kusafisha huniuliza kama ninakwenda au ninarudi.

Nawe ukipatwa na haya, kabla hujalipia injini, hesabu shafti za ile ya zamani. Pima unene wake. Pima kimo kutoka kitako hadi katikati ya shafti. Angalia inazunguka upande gani. Na shemeji akija akisema kazi ni kidogo tu, mpe chai, mpe sambusa, mpe hata kitanda alale. Spana usimpe.