Waraka kwa Waheshimiwa Wabunge: Nani Anamwangusha Rais?

Waheshimiwa Wabunge wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,

Nawaandikia kuhusu kauli iliyozoeleka mno midomoni mwenu: kwamba Rais ana nia njema, ila anaangushwa na wasaidizi wake. Zahanati ikifunguliwa, mnasimama Dodoma kushukuru kwamba Rais ametoa fedha. Dawa zikikosekana katika zahanati ileile, anatafutwa mganga mfawidhi. Sijapata kumsikia hata mmoja wenu akimpa mganga huyo sifa ya jengo.

Naomba muirudie Katiba mliyoapa kuilinda. Ibara ya 33 inamfanya Rais kuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ibara ya 35 inasema watumishi wa Serikali wanatekeleza kazi zote kwa niaba yake. Ya 36 inampa mamlaka ya uteuzi. Ya 37 inamwacha huru, asilazimike kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Aliyepewa uhuru wa kuukataa ushauri hatetewi kwa hoja kwamba alishauriwa vibaya.

Sidai kwamba Rais ajibu kwa kila bomba la sindano linaloibwa Namtumbo. Mwizi ni mwizi, na ashtakiwe kwa jina lake. Lakini nani alimteua msimamizi, Ikulu iliarifiwa lini, na baada ya kuarifiwa ilifanya nini? Hayo ni ya Rais, hata kama kosa lenyewe lilitendeka yeye akiwa amelala.

Chukueni mfano mmoja. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikikaribia kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Rais Magufuli alimwondoa mtendaji mkuu wa TEMESA, wakala wa Serikali unaoendesha vivuko, na kuivunja bodi yake, na adhabu hiyo ikahesabiwa kuwa ndiyo majibu. Ilhali TEMESA iko chini ya wizara inayosimamia ujenzi, na wizara hiyo iliongozwa na Magufuli mwenyewe, akiwa waziri, kuanzia 2010 hadi 2015. Ziwa hilohilo lilikwisha kuimeza MV Bukoba mwaka 1996, nayo ikiwa imejaza kupita kiasi. Ndugu wa waliozama Ukara walistahili mbunge wa kuwaulizia: waziri yule wa zamani alijua nini kuhusu usalama wa vivuko, na alipokuwa Rais alibadilisha nini kabla ya siku ile? Kumtumbua mtendaji si jibu la swali hilo.

Hatukuwa hivi siku zote. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walioshukiwa kuhusika na mauaji ya imani za uchawi waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakumpiga mtu. Alijiuzulu. Mwaka 1985 nchi hii ikamkabidhi urais, na hakuna aliyeona kwamba kujiuzulu kule kulimchafua.

Mwalimu Nyerere naye alikiri hadharani, akiwa bado madarakani, kwamba kuzifuta serikali za mitaa mwaka 1972 na kuvivunja vyama vya ushirika mwaka 1976 yalikuwa makosa. Hakusema aliangushwa na wakuu wa mikoa. Kwa wakulima waliokuwa wamepoteza vyama vyao kukiri huko kulichelewa, na hilo linauma hadi leo. Lakini kulitoka kwake, na sheria zilirekebishwa. Linganisheni na kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond, mwaka 2008. Bunge lilifanya kazi nzuri, Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, Baraza la Mawaziri likavunjwa, kisha uwajibikaji ukakomea hapo. Mlango wa Ikulu haukugongwa.

Na ninyi, Waheshimiwa, mna fungu lenu. Ibara ya 63 inawapa kazi ya kuisimamia Serikali. Profesa Mussa Assad, akiwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, alisema Bunge ni dhaifu katika kufanyia kazi ripoti zake. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, na Novemba mwaka huohuo akawa hayupo ofisini. Ripoti za ukaguzi sasa humfikia Rais mwezi Machi na kuwekwa mezani kwenu Aprili. Mjadala wenyewe huahirishwa hadi karibu Novemba, wakati bajeti mpya mlishaipitisha Juni, mkiunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Mnapitisha fedha kwanza, ndipo mnasoma zilizotangulia zilikwenda wapi. Hapo Rais anaangushwa na nani zaidi yenu?

Kwa hiyo naomba jambo moja. Aprili ijayo, ripoti ikishawekwa mezani, mmoja wenu asimame siku ya Alhamisi katika maswali kwa Waziri Mkuu. Achague hasara moja tu, ile kubwa kuliko zote. Aulize Rais aliarifiwa lini kwa mara ya kwanza, nani aliyemteua msimamizi wa fedha hizo, na kwa nini msimamizi huyo bado yupo ofisini. Akijibiwa kwamba Rais ana nia njema, asiketi. Aulize tena.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mpiga kura