Mshtakiwa wa Kwanza ni Pampu

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam maji hayaji, hupandishwa. Yakitoka bombani siku yaliyojisikia, huingia kwenye tangi la chini. Penye kisima huvutwa kisimani. Kutoka hapo pampu ndogo ya nusu hosipawa, iliyofungwa nyuma ya jiko na kufunikwa ndoo iliyopasuka isinyeshewe, huyasukuma hadi kwenye simtanki lililo juu ya mnara. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likatangaziwa mgao, mashine hiyo ilipanda cheo kumzidi baba mwenye nyumba. Lakini cheo hicho hakiilindi. Asubuhi maji yasipopanda, kikao cha familia huchukua muda wa kupiga mswaki mkavu, na hukumu hutoka: pampu imekufa, inunuliwe nyingine. Hakuna aliyeifungua, hakuna aliyelitazama tangi. Nashikilia kwamba pampu ndicho kifaa kinachosingiziwa kuliko vyote nyumbani, na kwamba wengi wanaonunua mpya wanabadilisha kitu pekee kilichokuwa kizima.

Tuanze na dalili inayowatisha watu zaidi: swichi inawashwa, pampu inanguruma, haizunguki. Walio wengi husema mota imeungua. Mota ya pampu ya nyumbani hutumia umeme wa fezi moja, na mota ya namna hiyo haiwezi kuanza kuzunguka yenyewe. Huhitaji kapasita, kile kikopo kidogo kilichojificha kwenye kiboksi cha nyaya, iipe msukumo wa kwanza. Kapasita ikichoka, mota yenye afya zake zote hubaki inanguruma papo hapo. Wapo mafundi wanaoisukuma feni ya nyuma kwa bisibisi, nayo ikaondoka kama kawaida, jambo lisilofaa kuigwa na mtu anayevipenda vidole vyake. Kapasita ni sehemu ndogo sana ya bei ya pampu. Na pengine hata yenyewe haina kosa, kwa sababu mtuhumiwa wa pili huja jioni, majiko na feni za mtaa mzima zikiwa zimewashwa: umeme mdogo. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka haipungui sawasawa na volti, hupungua kwa mraba wake. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, upungufu unaoonekana wa kuvumilika, nguvu hiyo inabaki kama asilimia 61 tu. Pampu iliyolala saa moja jioni ikaamka saa nane usiku haikufufuka. Majirani wamezima pasi.

Dalili nyingine ina ucheshi zaidi, maana pampu inazunguka vizuri, inaimba, inakula uniti za Luku, na juu halifiki hata tone. Hapa kosa huwa kwenye bomba la kunyonyea. Mwishoni mwa bomba hilo, ndani ya maji, kuna futivalvu inayozuia maji yasirudi chini pampu ikizimwa. Kipande cha jani au changarawe kikiishikilia wazi, bomba hujaa hewa, na pampu hizi za kawaida hewa haziiwezi. Ufa mdogo kwenye maungio hufanya vivyo hivyo, tena kwa siri, kwa kuwa maungio ya upande wa kunyonya hayavujishi maji nje, huvuta hewa ndani. Utayakagua yote, yamekauka, nawe utaapa ni mazima. Na isipowaka kabisa, yamkini kiboya kimenasa kwenye ukuta wa tangi kikidai maji yamekwisha. Au inazunguka bure kwa sababu maji yameshuka mno kisimani, na hapo hakuna hosipawa itakayosaidia. Jambo hili lina kumbukumbu ya heshima. Katika kitabu chake cha 1638 kuhusu sayansi mbili mpya, Galileo anamweka mhusika aitwaye Sagredo asimulie jinsi alivyodhani pampu ya birika lake imeharibika, akamwita fundi, na fundi akamwambia kosa si la pampu, ni la maji yaliyoshuka chini mno: kwa kunyonya hayapandi zaidi ya dhiraa 18, pampu iwe kubwa au ndogo. Torricelli, aliyemsaidia Galileo katika miezi yake ya mwisho, alieleza sababu mwaka 1644: pampu haiyavuti maji, uzito wa hewa ndio unaoyasukuma yapande. Uzito huo usawa wa bahari unatosha kiasi cha mita 10, na kwa pampu halisi ni 7 au 8. Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, hata kikomo cha vitabuni kinashuka hadi kama mita 8 na nusu. Anayeuziwa pampu ya hosipawa mbili ili inyonye kisima cha mita 12 ameuziwa kelele.

Nitaambiwa kwamba pampu siku hizi ni rahisi, na kumlipa fundi achunguze siku nzima ni gharama kuliko kununua. Ingekuwa kweli kama kosa lingeondoka pamoja na pampu ya zamani. Pampu mpya ikifungwa kwenye bomba lile lile linalovuta hewa, itazunguka kavu hadi sili yake iungue, kwa kuwa sili hupozwa na maji yale yale yasiyofika. Nitaambiwa pia kwamba fundi anajua kazi yake. Anaijua sana, sisi ndio hatujui kumlipa. Fundi akija, akakaza ungio moja kwa dakika kumi na kusema tayari, tunamtazama kama mwizi na kumpa nauli. Akija na boksi jipya begani, tunamkaribisha chai. Yule wa Sagredo alitoa jibu sahihi, na hatuambiwi popote kama alilipwa.

Sikatai kwamba pampu hufa. Ikinuka waya ulioungua, ikikata umeme kila inapowashwa, ikisaga bearingi hadi mtaa ujue, basi imekufa, na maji ya chumvi ya visima vya pwani huharakisha kifo hicho. Hapo inunuliwe nyingine, ila kibandiko chake kisomwe kwa akili ya mnunuzi wa viwanja. Kinataja mita za juu kabisa na lita nyingi kabisa kwa dakika. Vyote viwili ni kweli, lakini kamwe si kwa wakati mmoja: kwenye urefu wa mwisho hakuna lita, na kwenye lita za mwisho hakuna urefu. Mnara wako uko mahali fulani katikati, na muuzaji hakuulizi ni wapi. Ile ya zamani nayo isitoke getini kabla ya kujaribiwa kwa kapasita mpya, hasa fundi akijitolea kwa moyo mweupe kwenda kuitupa mwenyewe.