Jina la Pekee

Siku hizi wazazi wa mjini wanamtafutia binti jina ambalo halijawahi kusikika katika ukoo wao, wala ukoo wa jirani. Baba anapekua simu, mama anaongeza herufi: y hapa, h pale, na mwishoni "elle", mtoto asije akafanana na watu. Bibi aliyefunga safari kuja kumpikia mzazi uji wa pilipili manga anatajiwa jina mara tatu, anaitikia "haya," kisha anaendelea kumwita "huyu mtoto".

Wenzetu Ufaransa angalau wana hakimu. Mwaka 2014 mahakama ya Valenciennes ilikataa binti aitwe Nutella, kama ile chokoleti ya kupaka kwenye mkate, ikampa jina la Ella. Kwetu karani wa vizazi anauliza tu, "Linaandikwaje?" na hapo ndipo baba na mama wanapoanza kubishana.

Miaka minne baadaye mwalimu wa chekechea anaita Brielle, wanasimama watatu. Ukitaka jina adimu kweli, mwite bintiyo Chausiku au Mwanakombo. Hatagongana na mtu darasani, na bibi atalitamka.