Kompyuta Iliyogoma Umm Salal

Ijumaa mchana, nyumba ya wapangaji wa Afrika Mashariki kule Umm Salal Mohammed, kaskazini mwa Doha, haikosi fundi. Inakosa fundi mmoja tu, yule anayehitajika siku hiyo. Yupo wa viyoyozi kutoka Tanga, yupo wa umeme wa majumba kutoka Kisumu, yupo dereva wa basi la shule kutoka Jinja, na yupo mlinzi wa Mombasa ambaye hajawahi kufungua kifaa chochote lakini ana maoni juu ya vyote. Wa kompyuta hayupo.

Mwenye mashine ni karani wa ghala, mtu wa Voi. Aliinunua Souq Al Haraj, soko la mitumba la Doha, na siku hiyo alitaka kujaza fomu ya pasipoti ya mtoto kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza polepole, kwa heshima. Akabonyeza kwa hasira. Sipiyu, kama watu wa nyumbani wanavyoliita boksi zima, ikamtazama tu.

"Zima, halafu uwashe," alisema mlinzi akiwa amelala chali kitandani.

"Kaka, haijawaka. Nitaizimaje?"

"Ndiyo nakwambia, anza kwa kuizima."

Fundi wa umeme alichomeka testa kwenye soketi, ikang'aa. "Moto upo," akatangaza, na kwa upande wake kazi ilikuwa imekwisha. Plagi nayo haikuwa na cha kulaumiwa, kwa kuwa Qatar wanatumia hizihizi za miguu mitatu ya bapa za Kenya na Tanzania, na umeme wake ni wa volti 240 kama wa Kenya. Fundi wa viyoyozi hakuhitaji hata kuinama. "Kapasita," alisema. Kwa mtu wa kazi yake kila kisichowaka ni kapasita, na ukifika mwezi wa Julai huko Ghuba mara nyingi huwa amepatia.

Kosa lao wote lilikuwa moja, na ni kosa la heshima. Walidhani kitufe ndicho kinachopitisha umeme, kama swichi ya taa. Kompyuta za zamani zilikuwa hivyo kweli: ukibonyeza, umeme wa ukutani unapita papo hapo. Mambo yakabadilika mwaka 1995, kampuni ya Intel ilipoleta mpangilio uitwao ATX. Tangu hapo kitufe hakiwashi chochote, kinaomba tu. Kinagusanisha pini mbili ndogo za mazabodi kwa kitambo kidogo, mazabodi inapeleka ishara kwa pawa saplai kupitia waya wa kijani, na pawa saplai ndiyo inayoamka. Ndiyo maana kompyuta iliyozimwa lakini bado imechomekwa haijalala usingizi mzito. Kuna volti 5 za zamu zinazokesha ndani, zikingoja ombi. Ombi lisipofika, mashine nzima inabaki chuma, hata kama haina kasoro nyingine.

"Yaani kitu cha shilingi chache kizuie mashine yote hii?" karani aliuliza.

Mtu wa Kisumu alikuwa na jibu, na alilitoa kwa fahari isiyoeleweka. Tarehe 7 Juni 2016, alisema, tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ya kituo ikaelemewa, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na Kenya ikaingia gizani kwa saa kadhaa. KenGen, kampuni yenyewe inayoendesha kituo hicho, ilitoa taarifa.

"Alipona?" mlinzi aliuliza, akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Alipona. KWS, wale wa wanyamapori, wakamchukua."

"Basi tafuteni tumbili humo ndani."

Walifungua ubavu wa sipiyu. Tumbili hakuwemo, lakini vumbi la Umm Salal, ambalo minara ya Barzan ya hapohapo imelivumilia tangu mwishoni mwa karne ya 19, lilikuwa limetandika zulia juu ya feni zote. Kutoka usoni mwa boksi zilishuka nyaya nyembamba, kila jozi na kijiplagi cheusi kidogo kuliko punje ya mahindi. Wakaziangalia muda mrefu. Hakuna aliyesema neno.

Aliyevunja ukimya ni dereva wa Jinja. "Banange, gari likikataa ufunguo si mnagusanisha nyaya chini ya usukani?"

Wote walimgeukia, wengine wakijiuliza maswali ambayo si vizuri kumuuliza mtu anayebeba watoto wa shule. Lakini alikuwa ameshika ukweli. Chomoa kijiplagi cha kitufe, gusa zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi mara moja tu, uachie. Pini hizo zina volti chache zisizotisha mtu, ilimradi zisikosewe. Pawa saplai ndiyo isiyofunguliwa ovyo, maana ndani yake umeme huweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Na unabaki wapi? Kwenye kapasita. Mtu wa Tanga aliposikia hivyo alitabasamu hadi magharibi.

Bisibisi iligusa. Feni zikavuma, vumbi likapaa, mlinzi akatoka mbio pekupeku hadi kwenye ngazi.

Kipimo hicho kinatosha kumtaja mkosaji. Mashine ikiwaka kwa bisibisi, mbovu ni kitufe au waya wake; ikikataa, tafuta kwingine. Kuna pia ugonjwa wa kinyume, nao ndio unaowalia watu fedha zaidi: kitufe kinachonasa ndani. Mashine huwaka, ikahesabu kama sekunde nne, ikazimika yenyewe, kwa sababu kukikandamiza muda huo ni amri ya kuzima kwa nguvu. Mtu anabadilisha pawa saplai, anabadilisha memori, na kumbe kipande cha plastiki kimekwama tu.

Fundi wa Luthuli kule Nairobi au Kariakoo kule Dar es Salaam angehamishia waya wa kitufe cha kurisetia kwenye pini za kuwashia, mambo yakaisha. Sipiyu ya karani haikuwa na kitufe hicho. Wakaingia kwenye mipangilio ya BIOS, wakaiamuru iwake yenyewe kila umeme unaporudi. Swichi ya ukutani ikawa ndiyo kitufe. Mpango huo uliharibiwa na mlinzi. Akitoka zamu alfajiri huwasha ekstensheni ileile ya kompyuta achemshe chai, na kompyuta nayo inaamka, skrini ikimulika chumba kizima cha watu waliolala.

Mtu wa Kisumu ndiye aliyeleta suluhisho la kudumu kutoka kwenye sanduku lake la kazi: kitufe cha kengele ya mlango. Kifundi hakina tofauti, nacho kinagusanisha nyaya mbili ukikibonyeza, kinaziachanisha ukikiachia. Akakiunga, akakibandika ukingoni mwa meza kwa utepe mweusi. Kinafanya kazi vizuri kuliko cha kiwandani. Tatizo ni picha ya kengele iliyochorwa juu yake, na meza yenyewe iko karibu na mlango. Wageni wenye adabu zao wakifika hukibonyeza, wakasubiri kidogo, wakashangaa mbona hakilii, na karani akiwa ukurasa wa mwisho wa fomu anaiona kompyuta ikiaga na kujizima.