Uzi wa Saba Hauna Hatia

Gitaa la umeme la nyuzi saba likiingia Handeni huhojiwa kwanza, kupigwa baadaye. Langu lilihojiwa na watu wa kila rika pale Chanika: wanakwaya, muuza chipsi aliyetukopesha umeme wa kulijaribia, na mzee mmoja aliyeumalizia ujana wake kwenye kumbi za dansi za Tanga mjini na ambaye hadi leo hajakubali kwamba umekwisha. Mzee huyo alizihesabu nyuzi kwa kidole, akarudia kuzihesabu, kisha akaniuliza, “Mbaraka Mwinshehe alipiga ngapi?”

Nikamwambia sita.

“Na watu walicheza?”

Walicheza.

“Sasa huu mwingine ni wa nani?”

Jibu nilikuwa nalo, ila refu. Mmarekani mmoja mpiga jazi, George Van Eps, alitengenezewa gitaa la nyuzi saba na kampuni ya Epiphone mwishoni mwa miaka ya 1930, apate kupiga besi na sauti za juu peke yake. Mwaka 1990 Ibanez wakatoa gitaa waliloliita Universe, walilolibuni pamoja na Steve Vai, na vijana wa miziki ya kelele wakalidaka kwa mikono miwili, kwa kuwa ule uzi wa saba, B ya chini, unanguruma. Mzee alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

“Kumbe Mzungu alikosa mpiga besi,” akasema, akaenda zake. Historia ya chombo hiki sijaisikia ikifupishwa vizuri zaidi ya hapo.

Gitaa lenyewe nililiagiza Kariakoo kwa picha ya simu, kwa bei ya mbuzi wawili walionona. Kwenye picha lilikuwa linang'aa. Lilipofika lilikuwa linang'aa vilevile, maana kung'aa ndiyo kazi pekee iliyofanywa kwa uangalifu kiwandani. Jina la kiwanda silitaji. Wenyewe waliliandika kwa herufi ndogo mno pale kichwani, na ukishalipiga unaelewa kwa nini.

Shida ilikuwa freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza shingo ya gitaa, ambavyo kwa langu ni ishirini na vinne. Kuzipanga hakuna uganga: ukitoka juu ya shingo kuja chini, kila freti hukaa penye sehemu moja ya 17.817 ya urefu wa uzi uliobaki. Uzi wangu una milimita 648, kwa hiyo freti ya kwanza inatakiwa iwe kwenye milimita 36.4 hivi, na ya kumi na mbili katikati kabisa, 324. Niliazima rula ya mtoto wa jirani nikapima. Zote zilikuwa mahali pake. Kiwanda kilijua pa kuzitia, kilichokishinda ni kuzilaza.

Freti zote lazima ziwe kimo kimoja. Moja ikijiinua kwa unene wa karatasi ya daftari, basi, umekwisha. Kwangu iliyojiinua ni ya tisa. Nikibonyeza ya nane, uzi unaikuta ya tisa njiani, na ya tisa inajibu kwa niaba ya mwenzake. Maana yake, katika gitaa langu noti ya freti ya nane haikuwepo kabisa, na ya tisa zilikuwepo mbili. Ya kumi na tano ilikuwa na tabia nyingine: ilikuwa imezama, hivyo ukiibonyeza uzi unakwenda kukwaruza kwenye ya kumi na sita, zzzz, nzi kaingia kwenye spika.

Halafu kuna ncha. Kiangazi cha Handeni kinakausha hata nia njema. Shingo ilitengenezwa ikiwa na unyevu wake, ikaja huku ikakauka, na mbao ikikauka husinyaa kwa upana. Chuma hakisinyai. Ncha za freti zikabaki zimechomoza pembeni mwa shingo, tayari kumchana yeyote anayepitisha mkono kwa haraka, na mapambio yetu ni ya haraka. Mke wangu, ambaye amezoea kuona wanaume wakirudi na majeraha kutoka shambani, alinifunga plasta kidoleni akaniuliza kama nina hakika ninakokwenda ni kwaya.

Mambo yaliharibika Jumapili, wakati wa sadaka. Wimbo ulihitaji ile noti ya freti ya nane, na mimi nikaibonyeza kwa moyo wote. Ikaja ya tisa. Ni nusu sauti tu, lakini sauti ya tatu wetu ni watu watiifu: waliisikia wakaifuata. Sauti ya kwanza wakabaki walipo. Kwa mistari miwili kanisa lilikuwa na kwaya mbili, na washarika wakatoa sadaka upesi kuliko kawaida. Ibada ilipokwisha mwalimu wa kwaya aliniita pembeni.

“Ndugu yangu, toa ule uzi wa saba.”

Nikamweleza kwamba noti ile imetoka kwenye uzi wa pili, na kwamba uzi wa saba siku hiyo sikuugusa.

“Hujaugusa, lakini upo,” akasema. “Ndio unaowafundisha wenzake tabia mbaya.”

Tangu hapo ikawa ndiyo hukumu ya mji mzima. Gitaa likikwaruza, uzi wa saba. Spika ikipiga mluzi, uzi wa saba. Umeme ukikatika katikati ya pambio, kuna waliogeuka kuniangalia mimi. Tunapenda kumtafuta mchawi kwa kuangalia nani kazidi, na katika nyuzi aliyezidi alikuwa anajulikana. Freti, ambazo ndizo zenye makosa, zimelala kimya shingoni na hakuna anayezishuku.

Nilikwenda kwa seremala, bingwa wa vitanda vya sita kwa sita. Alilishika gitaa vizuri, akalichungulia kwa jicho moja, akatamka kwamba linahitaji randa. Nikalichukua taratibu. Fundi wa bodaboda yeye aliwasha grainda kabla sijamaliza kueleza. Huko niliondoka mbio.

Wapiga udi wa taarabu wameukwepa mzigo huu wote, kwa kuwa udi hauna freti. Zeze la marehemu Hukwe Zawose nalo halikuwa na freti hata moja, na dunia nzima ilimpigia makofi. Ila Tanga ndiko Black Star Musical Club walikolipa gitaa la umeme kiti cha mbele ndani ya taarabu yenyewe, kwa hiyo sisi wa mkoa huu haya mambo tumejitakia.

Hatimaye nikaelekezwa Korogwe. Kutoka Handeni ni kilomita 65 za lami, unapita Sindeni, na konda wa Kosta aliziona zinatosha kunidai nauli ya gitaa. Nikamwambia nitalipakata. Akasema hata mtoto akipakatwa, kuna umri unafika analipa.

Fundi niliyeelekezwa, mzee mstaafu wa Manundu, alikuwa hajawahi kutengeneza gitaa. Alikuwa fiti wa mashine za korona kwenye shamba la mkonge. Nilimsabahi shikamoo, akaitikia marahaba, akalipokea gitaa na kulilaza mezani juu ya gunia. Hakuuliza nyuzi ngapi wala la nini. Aliweka kipande cha rula ya chuma juu ya freti tatu tatu, akawa anakibonyeza huku na huku akisikiliza. Penye usawa rula ilitulia. Ilipofika kwenye ya tisa ikacheza, tik, tik. Mzee akatabasamu kama mtu aliyekutana na mdeni wake sokoni. Akachomoa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi wa valvu, akakipenyeza kimoja, akakisoma kwa miwani iliyofungwa uzi.

“Mwanangu, hapa hakuna muziki. Hapa kuna klirensi.”

Akanieleza kwamba kwenye korona, visu vya ngoma vikikaa mbali na kitako chake, jani linatoka na nyama yake. Vikibana mno, vinakata nyuzi za mkonge zenyewe. Maisha yake yote ameyatumia kuutafuta uwazi wa katikati. Nikaelewa kwamba nimefika.

Kazi aliifanya bila haraka. Alifungua nyuzi, akainyoosha shingo kwa kukizungusha kidogo kwa alenki kile chuma cha ndani, akazipiga freti zilizolegea kwa nyundo ya mpira na tone la gundi. Sumaku za kunasia sauti alizifunika kwa mfuko wa nailoni, kwani chembe za chuma zikishaingia pale hazitoki. Mbao katikati ya freti akazibandika utepe. Kisha akapaka wino wa makapeni migongoni mwa freti zote, akachukua kinoo kilichonyooka na kukipitisha juu yake kwa urefu wa shingo. Kwenye ya tisa wino uliondoka mara ya kwanza tu. Kwenye ya kumi na tano ulibaki, mweusi, mpaka wenzake wote waliposhuka kuifuata. Mgongo uliosuguliwa unakuwa bapa, na uzi hautaki bapa, kwa hiyo akairudishia kila freti mviringo wake kwa tupa ndogo ya pembetatu. Ncha za pembeni alizitia tupa pia, halafu msasa laini, halafu akajipitishia shavuni upande wa shingo kuhakikisha. Mimi nisingethubutu.

Ubao wa freti, mweusi tii siku zote, aliufuta kwa kitambaa chenye mafuta. Kitambaa kikatoka cheusi na ubao ukabaki na rangi ya chai. Mzee alicheka hadi akavua miwani. Mpingo unaota Handeni, tunausafirisha ukawe klarineti za watu, na sisi tunaletewa mbao iliyopakwa rangi ya viatu.

Alipokuwa anarudisha nyuzi ndipo nilipopata pigo la mwisho. Alifunga sita, akajipangusa mikono, akanionyesha gitaa langu kwa macho. Kisha akauona uzi mnene umelala juu ya gunia.

“Waungwana hawa,” akasema akinikabidhi. “Wamekuwekea na wa akiba.”

Sasa gitaa linatoa noti zote, ya nane ikiwemo. Sauti ya tatu wamerudi nyumbani. Mwalimu wa kwaya anawaambia watu kwamba nilikubali ushauri wake nikautoa uzi wa saba; hajahesabu, na mimi sijamkumbusha.

Aliyekasirika ni mpiga besi wetu. B yangu ya chini inatetema mara 62 hivi kwa sekunde, wakati kwenye besi uzi wa A ni 55 na wa D ni 73, kwa hiyo nimesimama katikati ya shamba lake. Zamani uzi ule ulikuwa ukikwaruza tu na hakuna aliyejua ni noti gani. Siku hizi unasikika hadi barabarani.

“Ulipokuwa unakwaruza nilijua ni hitilafu, bwana, nikakuvumilia,” aliniambia. “Sasa hivi ni makusudi.”

Ameniomba namba ya fundi wa Korogwe. Anataka kujua kulirudisha lilivyokuwa ni shilingi ngapi.