Azimio Shufwa na Azimio Witiri: Uainishaji wa Mpango wa Mwaka wa Hisabati

1. Utangulizi

Wataalamu wa wanyama wameainisha panya, vipepeo na konokono. Wataalamu wa lugha wameainisha nomino zetu, na mpaka leo wanabishana kama ngeli ni ngapi. Waraka mmoja tu ndio haujapata wa kuuainisha, nao ni ule ambao mwalimu wa shule ya msingi Tanzania huuandika kila Januari na kuusahau kila Machi: azimio la kazi. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Yamejifunga kwenye azimio la Hisabati, hasa la Darasa la Tatu, kwa sababu ndilo ambalo mwandishi hulifundisha na ndilo linalomnyima usingizi.

Kwa msomaji ambaye hajapata kushika chaki: azimio la kazi ni karatasi iliyolazwa ubavu na kupigwa mistari ya safu nyingi. Kushoto kuna umahiri mkuu na umahiri mahususi. Katikati kuna shughuli za ujifunzaji, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, mbinu, zana, upimaji na rejea. Kulia kabisa, pembezoni kama mgeni aliyechelewa karamuni, kuna safu nyembamba iitwayo *Maoni*. Mwalimu hulichota azimio kutoka kwenye muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania, mwalimu wa taaluma hulipitia, mwalimu mkuu hulisaini na kuligonga muhuri. Baada ya hapo linalala kabatini kumsubiri mthibiti ubora wa shule. Mwaka mzima wa mtoto umekunjwa, ukaingia kwenye faili.

2. Mbinu za utafiti

Sampuli ilikusanywa katika kabati moja la ofisi ya walimu, droo mbili zisizofunga, na stendi ya mabasi, ambako ukurasa mmoja wa azimio (Mei, wiki ya 2 na ya 3, mada ya Maumbo) ulikutwa umefungia karanga. Karanga hizo mtafiti alizila ili kuuokoa ushahidi.

3. Vipimo vya awali

Mwaka wa shule Tanzania una siku 194 za masomo. Kipindi kimoja, kuanzia Darasa la Tatu, ni dakika 40. Tukichukulia kipindi kimoja cha Hisabati kila siku, tunapata vipindi 194, yaani dakika 7,760, yaani saa 129 na dakika 20. Ukizifululiza bila kulala, ni siku tano na saa tisa na ushee. Hisabati yote ya mwaka mmoja haifiki wiki. Kuna harusi zenye vikao virefu kuliko hapo.

Hayo ni mahesabu ya karatasi. Mwandishi alichukua mwaka wake mmoja akatoa siku ambazo kengele ililia na somo lisifundishwe. Wiki ya kwanza ya Januari ya kufyeka nyasi na kuhesabu madawati: siku 5. Majaribio ya nusu muhula, mara mbili: siku 6. Mitihani ya mihula miwili, pamoja na ule wa ujirani mwema unaofanywa na shule jirani kwa pamoja: siku 10. Michezo: siku 5. Mvua za masika zilizojaza mto, nusu ya darasa ikabaki ng'ambo: siku 4. Semina na vikao vya mwalimu mwenyewe: siku 6. Jumla ni siku 36. Vikabaki vipindi 158, yaani saa 105 na dakika 20. Tofauti ni saa 24 kamili, hazizidi wala hazipungui: mwaka uliibiwa usiku mmoja na mchana wake.

Darasa hilo lilikuwa na watoto 80. Dakika zilizobaki ni 6,320. Gawanya kwa 80, unapata 79 bila baki. Kila mtoto, kama angemiliki peke yake fungu lake la mwalimu wa Hisabati, angepata dakika 79 kwa mwaka mzima. Simba na Yanga wangekuwa bado uwanjani.

Izingatiwe pia kwamba wiki ya azimio huanza Jumatatu, siku ambayo lugha yetu yenyewe inaihesabu kuwa ya tatu. Mpango unaanza ukiwa umeshachelewa siku mbili.

4. Uainishaji

Baada ya kuzungukia nadharia nyingi, mtafiti ameona maazimio ya Hisabati yaainishwe kwa majina ya namba zilizomo ndani yake. Jamii zilizobainika ni sita.

*Azimio Shufwa.* Hili hugawanyika kwa mbili bila baki. Kila mada imepewa wiki mbili: kutoa wiki mbili, kugawanya wiki mbili, namba za Kirumi wiki mbili. Kwa macho ni zuri kama mkeka mpya. Kasoro yake ni kudhani kwamba mada zote zina uzito mmoja, wakati mtoto anaweza kuijua VII alasiri moja na kugawanya kukamtoa jasho hadi Darasa la Sita.

*Azimio Witiri.* Hili lazima liache baki. Kila wiki kuna kipindi kisichoingia, nacho huhamia wiki inayofuata kwa jina la kiporo. Kufikia Agosti mwalimu hapiki tena, anapasha. Kiporo cha wali hupashwa kikalika. Kiporo cha sehemu, kikilala wiki tatu, huchacha.

*Azimio Tasa.* Halina kigawo ila moja na lenyewe. Limeandikwa kwa vifupisho ambavyo mwandishi wake pekee ndiye huvielewa. Siku akihamishwa, mrithi wake hulitazama kama mtu anayetazama dawa bila maelezo.

*Azimio Kipeo.* Ni azimio lililozidishwa kwa lenyewe: la mwaka jana limenakiliwa, mwaka umebadilishwa kwa wino mweupe. Dalili yake kuu ni Pasaka kuangukia wiki ileile iliyoangukia mwaka jana. Siku hizi jamii hii inazaliana kwa kasi kupitia WhatsApp, na mara nyingine huwasili na jina la shule ya mkoa mwingine, jambo ambalo mwalimu mkuu hugundua akiwa ameshagonga muhuri.

*Azimio Sehemu.* Lina kiasi juu na asili chini: juu ni kilichofundishwa, chini ni kilichopangwa. Ubaya hauko kwenye sehemu yenyewe. Kila mtoto wa Darasa la Tano anajua kwamba huwezi kujumlisha sehemu zenye asili tofauti kabla ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika. Vikao vya tathmini hujumlisha hivyo hivyo, shule hii na shule ile, kisha hupiga makofi.

*Azimio Hasi.* Hili hutembea kushoto kwa sifuri kwenye mstari wa namba. Mwalimu wa Darasa la Tano anafungua mada ya kugawanya, anagundua kwamba nusu ya watoto hawana tebo ya sita, anafunga kitabu na kurudi Darasa la Tatu. Kwenye faili anasomeka kama mtu aliyebaki nyuma. Mtafiti ana shaka na jina aliloipa jamii hii, na sababu zake zinafuata.

5. Kanuni ya MAGAZIJUTO katika upangaji

Kila aliyepita shule ya msingi anaikumbuka MAGAZIJUTO: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Haijawahi kuelezwa kwamba azimio nalo huandikwa kwa mpangilio huohuo. Kwanza *Mabano*: yale yasiyosogezwa, kama mitihani na likizo. Pili *Gawanya*: mada kwa wiki. Tatu *Zidisha*: vipindi, kwa matumaini. Nne *Jumlisha*: masomo ya ziada, Oktoba, jua likiwa utosini. Tano *Toa*: mada zilizobaki, kimyakimya, Novemba.

6. Uchambuzi wa lugha

Sentensi mama ya upangaji wetu inajulikana: "Ifikapo mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi aweze kutoa namba zenye tarakimu tatu kwa usahihi." Maneno mawili yanahitaji darubini.

La kwanza ni *kila*. Kwa watoto 80 na dakika 40, *kila* ni neno la sekunde 30.

La pili ni *aweze*. Kitenzi hiki kinaishia na *-e*, umbo lilelile la *apone*, *afike salama* na *apumzike kwa amani*. Kiswahili hulitumia tunapotamani, tunapoomba na tunapozika. Kwa hiyo azimio la kazi, likisomwa kisarufi, ni dua ndefu yenye safu na muhuri. Hakuna ubaya katika dua. Ubaya ni kuileta kwenye kikao kama taarifa ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Ndiyo maana safu ya *Maoni* inatuhusu. Katika ukurasa mzima, ni hapo tu ambapo mwalimu ameruhusiwa kusema kilichotokea badala ya kinachoombwa. Katika sampuli yetu safu hiyo ilikuwa na sentensi mbili tu, zikipokezana kama askari wa zamu: "Mada imefundishwa" na "Mada imeeleweka." Kwenye ukurasa wa karanga haikuwa na kitu.

7. Ushahidi wa darasani

Aprili, wiki ya kwanza. Azimio linasema: kutoa kwa kukopa, vipindi 4. Ubaoni kuna 300 kutoa 147.

"Sifuri toa saba?"

"Haiwezekaniii!"

"Kwa hiyo tunafanyaje?"

"Tunakopa kwa jiraniii!"

Mkono ukanyooka karibu na dirisha. "Mwalimu, jirani naye ni sifuri."

"Basi tunakwenda kwa jirani wa pili."

"Na huyo tutamlipa lini?"

Darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka, kwa kuwa hakuwa na jibu. Nilipokusanya madaftari, majibu yalikuwa ya makabila matatu. Wengi walikuwa na 247: walipoona sifuri haina kitu, waligeuza na kutoa ndogo kwenye kubwa, popote ilipo. Kundi la pili lilikuwa na 253: hao walikopa vizuri kabisa, wakasahau kuipunguza ile mia, wakopaji sugu. Wachache walikuwa na 153. Vipindi vinne viliisha, makabila yakabaki matatu.

Kipindi cha tano, msichana ambaye mama yake huuza maandazi getini aliomba kuja mbele. Mezani kulikuwa na vizibo vya soda tulivyovipa thamani: vyekundu mia, vya bluu kumi, vyeupe moja. "Mwalimu," alisema, "hapa hatukopi. Tunachenji." Kisha akatueleza: mama akipewa noti ya elfu kwa andazi la mia, hakopi kwa mtu, anaipeleka noti dukani kwa Mangi inarudi ndogondogo, na pesa ni ileile. Akatoa kizibo chekundu kimoja akachukua vya bluu kumi. Akatoa cha bluu kimoja akachukua vyeupe kumi. Mezani zikabaki mia mbili, makumi tisa, mamoja kumi. Ni mia tatu ileile, na hakuna anayedaiwa. Akaondoa 147, tukahesabu kwa pamoja: 153.

Miaka yote hiyo nilikuwa nawafundisha watoto deni lisilokuwapo, kwa sababu neno *kukopa* lilikuwa limeandikwa kwenye azimio na mimi nililinakili. Mwandishi alikuwa wa jamii ya Kipeo, ile iliyobainishwa katika sehemu ya 4.

Mada ilichukua vipindi 9. Vitano vya nyongeza vilitoka kwenye namba za Kirumi, ambazo hazikulalamika. Katika safu ya *Maoni* niliandika: "Neno 'kukopa' liondolewe, litumike 'kuchenji'. Vipindi 9 badala ya 4. Aliyefundisha ni mwanafunzi." Mwenzangu mmoja aliyasoma, akaguna. "Mwalimu, hapo andika tu 'mada imeeleweka'. Wakija wageni wasije wakatuuliza maswali."

8. Hitimisho

Matokeo ya uainishaji huu ni kwamba jamii inayosifiwa, Azimio Shufwa, haimfahamu mtoto yeyote, na jamii inayokemewa, Azimio Hasi, ndiyo pekee inayotembea kuelekea mahali watoto walipo. Kosa si la walimu wala la muhtasari. Tumezoea kulipima azimio kwa usafi wake, wakati azimio lililotumika kweli lazima lichafuke: limefutwa, limepigwa mishale, vipindi vimehamishwa kutoka mada hii kwenda ile, na kona moja ina alama ya kizibo cha soda.

Mtafiti ana ombi moja kwa mwalimu mkuu na mthibiti ubora. Kiswahili kiliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Tunaomba azimio la kazi lisomwe hivyo. Mkilifungua faili, anzeni na safu ya *Maoni*. Mkiikuta tupu, au mkikuta "mada imeeleweka" mistari yote, msihangaike na safu nyingine. Mkikuta mwandiko wa haraka unaolalamika, unaouliza na unaokiri, ketini na huyo mwalimu, mwambieni avute kiti, na mmuulize ile mia ilikwenda wapi.